Ukuta wa mawe hula ufukwe wa jirani: tazameni Westhampton

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu viwanja vya ufukweni. Madalali wengi humtajia mnunuzi fukwe za matajiri wa ng'ambo, na jina la Hamptons halikosi kutajwa, kana kwamba huko bahari imefungwa kamba. Wanaolitaja wangeitazama Hamptons kwa chini, pale maji yanapokutana na mchanga, wangelitaja kwa uangalifu zaidi.

Hamptons ni vijiji na miji midogo ya ncha ya mashariki ya Long Island, jimbo la New York nchini Marekani. Kutoka Manhattan hadi Westhampton Beach, kijiji cha kwanza cha upande wa magharibi, ni kama kilomita 130, na hadi Montauk, mwisho kabisa wa ncha, ni karibu 190. Msimu wake unajulikana: huanza Jumatatu ya mwisho ya Mei na kufungwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Miezi mingine nyumba nyingi zinabaki na mlinzi na mtunza bustani tu. Southampton ni mji wa mwaka 1640 na East Hampton wa 1648, na kabla ya hapo, mpaka leo, pana Washinnecock, wenyeji wa asili, ambao serikali kuu ya Marekani iliwatambua rasmi mwaka 2010. Matajiri walifuata reli, iliyofika Montauk mwaka 1895.

Pwani yake ya kusini ni mchanga mtupu unaotazama bahari kuu. Hakuna mwamba wa matumbawe wa kuvunja mawimbi kama tulionao sisi. Mawimbi mengi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo hayapigi ufukwe uso kwa uso. Hupiga kwa mshazari, yakapandisha chembe ya mchanga kwa kuelekea magharibi, kisha maji yakarudi moja kwa moja kwa mteremko. Wimbi linalofuata linaichukua chembe ile ile na kuisogeza tena. Wimbi kwa wimbi, usiku na mchana, mchanga unatembea kutoka Montauk kwenda magharibi, na kwa makadirio ya wahandisi ni zaidi ya mita za ujazo laki moja kwa mwaka. Ufukwe unaouona umetulia kumbe ni msafara: unaoingia ukilingana na unaotoka, watu husema ufukwe "haujabadilika".

Sasa weka ukuta wa mawe unaotoka nchi kavu kwenda baharini, ule ambao wahandisi huuita groini. Upande wa mashariki mchanga unakwama na ufukwe unanenepa. Upande wa magharibi hakuna kinachoingia, lakini mawimbi hayajaacha kuchukua, kwa hiyo ufukwe unakonda. Hali hiyo itaendelea mpaka upande wa mashariki ujae, mchanga uzunguke ncha ya ukuta na kuendelea na safari. Ukijenga kuta nyingi mfululizo, kila pengo linataka lijae kwanza ndipo la pili lipate, na wa mwisho kwenye foleni anangoja miaka. Ndiyo maana kanuni za ujenzi huu ni mbili tu. Ya kwanza: anzia mwisho wa msafara, kule mchanga unakoelekea, ujenge ukirudi nyuma. Ya pili: jaza mapengo kwa mchanga wa kuletwa siku hiyo hiyo, usimwachie Mungu na mawimbi.

Kule Westhampton kanuni zote mbili zilivunjwa. Dhoruba ya Machi 1962 ilikuwa imekipasua kisiwa chembamba cha mchanga kilicho mbele ya mji, na wenye nyumba wakapiga kelele wapate kinga. Mpango wa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani ulikuwa na kuta zaidi ya ishirini. Kati ya 1965 na 1966 zikajengwa 11, nazo zikaanzia upande wa mashariki, tena bila mchanga wa kujazia. Kati ya 1969 na 1970 zikaongezwa 4, safari hii na mchanga. Kila moja ina urefu wa karibu mita 150, na kutoka moja hadi nyingine ni kama mita 400. Baada ya ya 15 kazi ikasimama, kwa sababu fedha na siasa za wilaya hazikukubaliana, na magharibi ya ukuta wa mwisho kulibaki ufukwe mrefu wenye nyumba na usio na kitu.

Matokeo hayakuhitaji mtaalamu kuyaeleza. Mashariki, katikati ya kuta, mchanga ulijaa hata baadhi ya mawe yakafukiwa, matuta yakaota majani, nyumba zikawa mbali na maji kuliko zilivyokuwa siku zilipojengwa. Magharibi ufukwe ulirudi nyuma mwaka hadi mwaka, nyumba zikabaki zimesimama kwenye nguzo ndani ya maji. Mwaka 1984 wenye nyumba wa upande huo wakaenda mahakamani. Kesi ikiwa bado, dhoruba ya Desemba 1992 ikakata kisiwa sehemu mbili, na bahari ikaingia kwenye ghuba ya nyuma. Pengo moja liliwahi kuzibwa mapema, la pili likaachwa lipanuke hadi mwaka uliofuata, na kila wiki likichukua nyumba zake. Kwa jumla nyumba karibu 190 zilikwenda.

Waathirika walifanya jambo ambalo kwetu lingeonekana kichekesho: mwaka 1993 walijiundia kijiji chao chenye mamlaka, West Hampton Dunes, kwenye ardhi ambayo sehemu yake ilikuwa maji. Kijiji kina meya, kina bajeti, kina haki ya kushtaki. Mwaka 1994 serikali ikakubali nje ya mahakama kuurudisha ufukwe na kuutunza kwa miaka 30. Kuta mbili za mwisho zilifupishwa, ukaongezwa mmoja mfupi katikati yake, ili mchanga upite, na mchanga wa kuchimbwa baharini ukamwagwa tena na tena kila baada ya miaka michache. Kwa kuwa fedha ni za umma, makubaliano yalitaka umma upate njia ya kufika ufukweni. Leo pale pana majumba mapya, makubwa kuliko yaliyozama. Hapo nina mashaka yangu: mlipa kodi wa Buffalo, mji wa upande wa pili wa jimbo, ambaye hajawahi kuoga bahari hiyo, ananunua mchanga wa mbele ya nyumba ya dola milioni kadhaa. Lakini ni kweli pia kwamba kuta zilizoiba mchanga zilikuwa za serikali yenyewe.

Wengine wanasema groini zimepitwa na wakati, siku hizi kuna viroba vya kitambaa kigumu. Montauk walivijaribu. Kati ya 2015 na 2016 viliwekwa viroba zaidi ya 14,000 mbele ya hoteli za katikati ya mji, urefu wa kama mita 950, kila kimoja na uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, wananchi wakiandamana kuvipinga. Masharti yalikuwa vifunikwe kwa mchanga wa karibu mita moja wakati wote, na gharama ya kufunika iwe ya mji na wilaya. Dhoruba za kila baridi ziliondoa kifuniko, kila masika mchanga ukanunuliwa tena. Kiroba kilicho wazi kina matatizo matatu: jua hukausha kitambaa mpaka kinachanika, gogo au chupa inayoletwa na wimbi hukitoboa, na uso wake mgumu hurudisha wimbi likachimba mchanga wa miguuni pake. Kiroba kimoja kikishuka, cha juu yake kinainama, mstari mzima unalegea. Mwanzoni mwa 2024 ikabidi meli ya kuchimba imwage mchanga wa baharini, yadi za ujazo kama 450,000, kwa dola karibu milioni 11. Hizo ni mita za ujazo kama 344,000. Kwa lori la kubeba mita 15 ni safari karibu 23,000. Na hakuna mhandisi aliyesema mchanga huo utakaa milele.

Mfano ninaoupenda mimi ni wa Sagaponack, Bridgehampton na Water Mill. Huko wenye nyumba za mbele walijiundia maeneo maalumu ya kodi, wakapiga kura mwaka 2013, wakajitoza wenyewe gharama ya kujaza ufukwe wa karibu kilomita 10. Ilikuwa zaidi ya dola milioni 25, na mji ukachangia sehemu ya fukwe za umma tu. Zingatia walivyojaza: ufukwe wote kwa pamoja, hakuna aliyejenga ukuta wake mbele ya geti lake. Mchanga ukihama kutoka kwa mmoja unapita kwa mwenzake kwanza. Mwenye pesa kulipia mchanga wake mwenyewe, hilo ningelipenda lisomwe na kila mwenye hoteli.

Mchanga si kitu pekee kinachovuka mpaka wa kiwanja. Wilaya ya Suffolk, ambamo Hamptons zimo, ina nyumba zaidi ya laki tatu na nusu zisizo na bomba la maji taka, ni mashimo tu kwenye ardhi ya kichanga. Maji ya kunywa yanatoka chini ya ardhi hiyo hiyo. Shimo la kawaida huzuia uchafu mzito, lakini naitrojeni inapita na maji mpaka ghubani, mwani unachanua, nyasi za baharini zinakosa mwanga na kufa. Mwaka 1985 mwani wa rangi ya kahawia uliifuta kabisa biashara ya kombe wa baharini (scallop) wa ghuba ya Peconic. Tangu Julai 2021 nyumba mpya wilayani lazima iwe na mtambo unaopuliza hewa kwenye chemba moja ili bakteria wageuze amonia kuwa naitreti, kisha maji yapite kwenye chemba isiyo na hewa ambako bakteria wengine huigeuza naitreti kuwa gesi. Kinachotoka kisizidi miligramu 19 za naitrojeni kwa lita. Kasoro ya mtambo huu ni kwamba unategemea umeme na fundi. Nyumba ya msimu, isiyo na mtu miezi tisa, bakteria wake hulala njaa, na wageni thelathini wakishuka siku moja ya Julai mtambo hauko tayari. Wenye nyumba za kupangisha Nungwi na Diani wanalijua tatizo hilo hata kama hawana mtambo.

Fedha je? Tangu 1999 mnunuzi wa nyumba au ardhi katika miji mitano ya eneo hilo hutozwa asilimia 2 ya bei, na mfuko huo, ambao umekwisha kukusanya zaidi ya dola bilioni 2, hununua mashamba na matuta yasijengwe. Tangu 2023 miji minne imeongeza nusu asilimia kwa ajili ya nyumba za wakazi wa kawaida, maana walimu, wazima moto na mafundi hawana tena pa kukaa. Asubuhi barabara ya kwenda mashariki ni foleni ya magari ya mafundi kutoka mbali, jioni foleni inageuka. Hesabu yake ni rahisi: East Hampton, nyumba ya dola 1,500,000, unatoa 400,000 zisizotozwa, inabaki 1,100,000, asilimia 2.5 yake ni dola 27,500. Analipa mnunuzi, si muuzaji.

Na anayedhani ufukwe wa huko ni wa wenye nyumba, amekosea nusu. Sheria ya New York huuacha kwa umma mchanga ulio chini ya alama ya maji kujaa, na miji hii ina hati za mwaka 1686 zinazowapa wenyeji haki pana zaidi. Njia ya kukuzuia ni ya kistaarabu: hakuna pa kuegesha gari bila kibali, na kibali cha mgeni ni ghali na kina idadi. Unaruhusiwa kukanyaga, ila ufike kwa miguu. Kipande cha Napeague chenye urefu wa kama mita 1,200, wenyeji walichokuwa wakiingia na magari yao, kilipotea mahakamani mwaka 2021, japokuwa hati ya 1882 iliwahifadhia wenyeji haki ya kupandisha mashua, kuanika nyavu na kushughulikia samaki. Mahakama ilisoma maneno hayo kama yalivyo: wavuvi wana haki, lakini kuegesha magari kwa kupunga upepo hakukuandikwa. Wenyeji wetu ambao diko lao halijawahi kuandikwa popote wana la kujifunza hapo.

Nirudi nyumbani. Pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam ina msafara wake. Kusi husukuma mchanga kwenda kaskazini, kaskazi huurudisha kiasi, na hesabu ya mwaka mzima huenda kaskazini. Kwa hiyo anayejenga groini pale anamkopa jirani wa kaskazini bila kumwuliza. Kama huamini mwelekeo, tazama ukuta wowote wa mawe uliokwisha kujengwa: upande uliojaa ndiko mchanga unakotoka. Watu wa Kunduchi waliiona hoteli ya Africana ikiliwa na bahari, na walioijaza mito ya huko kwa malori ya kuchimba mchanga walichangia, kwa kuwa mchanga wa mto ndio chakula cha ufukwe.

Ukuta wa kusimama wima, sambamba na bahari, una ugonjwa mwingine. Wimbi likiugonga linarudi na nguvu zake na kuchimba chini. Kanuni ya kazi ni kwamba shimo la miguuni linaweza kufika kina sawa na kimo cha wimbi lenyewe, hivyo wimbi la mita moja linataka msingi ushuke zaidi ya mita moja chini ya mchanga wa msimu ulio mbaya kuliko yote, si mchanga wa siku fundi alipofika. Pili, kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Maji yakipwa haraka, yaliyobaki nyuma ya ukuta yanausukuma kwa nje, na ukuta usio na matundu ya kutolea maji unalala kifudifudi. Matundu yakiwepo lakini nyuma yake hakuna kitambaa cha kuchuja na kokoto, mchanga unavuja nayo kidogo kidogo, bustani inatitia, mwenye nyumba analaumu mvua. Tatu, kwenye ncha mbili za ukuta bahari huzunguka na kuingia kwa jirani, kisha hurudi kukutafuta kwa nyuma. Mivinje iliyopandwa mstari wa mbele haisaidii, mizizi yake inachimbuliwa na mti unaanguka na kipande cha ardhi. Bora mlakasa, ule mtambaazi wa maua ya zambarau, uachwe utambae, na watu wapitie njia moja ya mbao badala ya kukanyaga tuta zima.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Tatizo ni kwamba ukingo wenyewe unatembea. Nyumba iliyojengwa kihalali mita 70 kutoka majini, ufukwe ukirudi nyuma mita moja kwa mwaka, baada ya miaka kumi iko mpakani, na hati bado inaonyesha ramani ya zamani. Basi mnunuzi apime mwenyewe, haitaki mashine. Chukua fito mbili zilizonyooka za mita 1.5, zichorwe alama kila sentimita moja, na kamba ya mita 2 kati yake. Anzia kwenye kona ya jengo au jiwe la mpaka lisilohama. Fito moja isimame hapo, ya pili mbele upande wa bahari, zote wima. Simama nyuma ya fito ya nchi kavu, sawazisha kwa jicho ncha ya fito ya mbele na mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, usome mstari huo unakata fito iliyo karibu nawe sentimita ngapi kutoka juu. Hizo ndizo ulizoshuka. Mchanga ukipanda badala ya kushuka, sawazisha ncha ya fito yako na upeo, usome kwenye ya mbele. Andika, sogea mita mbili, rudia mpaka majini. Fito ikizama kwenye mchanga laini vipimo vyote vinaharibika, kwa hiyo ikanyagie kibao kidogo.

Pima mara moja kwa mwezi, siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa, kwa miaka isiyopungua miwili. Kipimo cha mwezi mmoja hakisemi kitu, maana kinachochukuliwa na kusi huenda kikarudishwa na kaskazi, na dalali mjanja atakupeleka ufukwe ukiwa umeshiba. Kipimo cha kwanza kichukuliwe Machi, kabla kusi halijaanza.

Mpima ardhi,
Dar es Salaam